Akaunti ya Zablon

Saa moja kasorobo simu ikalia:
"Fundi, mizani imekuwa bubu."
Nikatoka Kondele na begi la waya,
chai nimeiacha mezani ikishika utando.

Miwani. Jina la mahali, si la macho,
ingawa siku hiyo nilihitaji yote mawili.
Trekta kumi na tisa kwenye foleni,
na kila saa ya jua ni kilo zinazotoroka
kabla hazijaandikwa.
Kiprugut amelala juu ya mzigo wake, kofia usoni.
Mama mmoja wa Kibigori ananiuliza
kama nimekuja na risiti.

Meneja Wandera ana neno moja: "Virusi."
Analisema kama mtu aliyemfumania mwizi.
Ameshazima, amewasha, amezima tena,
printa ameipiga kofi la ubavuni.
Printa haina kosa. Imekaa na karatasi yake mdomoni
kama mtoto aliyetumwa dukani bila hela.

Niacheni kidogo, nikasema,
nikafungua orodha ya wasioonekana.

Maana juu ya kioo ni vitufe vya rangi tu,
hapo ndipo watu hubofya na kushukuru.
Chini yake wamo wapishi wa matanga:
hawaketi hemani, hawatajwi kwenye hotuba,
lakini jaribu kuzika bila wao.
Mmoja anashika saa isiteleze.
Mmoja anasikiliza waya wa mizani, kilo kwa kilo.
Mmoja anabeba namba kutoka kwa huyo hadi kwa printa.
Wengine sita sijui nani aliwaleta:
wanaamka na mashine, wanakula nafasi, hawafanyi lolote.
Hao nikawalaza.
Wa tano nilipomlaza, kioo kizima kikawa cheusi.
Nikamwamsha haraka, nikamwomba radhi.

Aliyekwama ni mbebaji.
Anza, nikamwambia.
Akaanza, akahesabu hadi tatu, akaanguka.
Anza.
Akaanguka.
Nikaenda kusoma daftari lake,
lile lisilosomwa na mtu ila siku ya msiba:

*Ijumaa, saa kumi na moja na dakika mbili. Nimekataliwa mlangoni. Nitajaribu tena.
Na dakika tatu. Nimekataliwa mlangoni. Nitajaribu tena.*

Mistari elfu tatu mia saba na ushei.
Usiku kucha wa Jumamosi,
Jumapili watu wakiwa kanisani,
kila dakika anabisha,
na hakuna aliyemwambia kuwa wenyewe wamehama.

Anabisha kwa jina la nani?
Nikashuka mstari mmoja zaidi.
*z.ogola*

"Zablon ni nani?"
Nikataja jina kwa kukisia. Meneja akatazama dirishani.
Karani wa zamu ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini:
"Hii kitu aliiandika yeye. Ijumaa walimfuta.
Saa kumi barua, saa kumi na moja akaunti."

Miaka sita mbebaji alivaa jina la Zablon,
akaingia kwa ufunguo wa Zablon,
masika na kiangazi, Zablon akiwa kazini au amelala kwake.
Walipolifuta jina
walidhani wanafuta mshahara.

Hakuna virusi hapa, nikasema. Kuna mtu.

Nikaunda akaunti isiyo ya mtu,
isiyougua, isiyodai malimbikizo,
nikaiita *mizani*.
Nikaipa ruhusa mbili, si zaidi:
kusoma uzito, kuandika karatasi.
Nikamwagiza mbebaji amngoje msikilizaji aamke kwanza,
maana ukimtangulia mwenye habari utabeba nini?
Anza.
Moja. Mbili. Tatu.
Nne.
Printa ikakohoa.
Huko nje Kiprugut akaivua kofia usoni.

Kuna kisanduku cha maelezo
ambacho mafundi huwa tunakiacha kitupu.
Nikaandika: *Kazi ya Zablon Ogola. Uliza kabla ya kufuta.*

Mama wa Kibigori aliisoma risiti yake mara mbili,
akasema miwa yake ilikuwa mizito zaidi alfajiri.

Kwa hilo
sikuwa na cha kuwasha.