Panya wa Mwisho

Walianza na mahindi. Hilo tuliwasamehe,
mahindi ni ya kila mwenye meno.
Wakaja kwenye sabuni, wakala nusu mche,
wakaacha alama mbili mbili kama za patasi.
Kisha cheti cha ubatizo cha Anaeli,
kona yenye jina la mchungaji.
Usiku dari yetu ilikuwa soko la Kiboriloni:
kuburuta, kukimbizana, kugombea bei.
Oforo akigonga kwa mpini wa fagio
wananyamaza kidogo, kama wanafunzi,
halafu wanaendelea.

Akapita Pasua kijana wa baiskeli na spika yake:
"Panya, mende, kunguni, viroboto!
Anakula hapa, anafia mbele!"
Nikanunua paketi mbili za jero jero.
Wa kwanza alifia mbele kweli, nyuma ya kabati la vyombo,
pale ambapo mkono haufiki na pua inafika.
Siku tisa tulilia chakula uani.
Wa pili alikuwa mtetea wangu.

Tukaazima paka kwa Mama Nsaria,
dume la kijivu, shingo kama ya diwani.
Alizunguka nyumba mara moja, akakagua,
akalala juu ya cherehani yangu.
Usiku wa tatu nilimkuta jikoni, yeye na panya,
kila mmoja na upande wake wa sufuria.

Gundi nayo tulijaribu. Ilinasa kandambili ya Oforo
na Oforo ndani yake, saa nane za usiku,
akitaja majina ambayo hayamo katika Biblia.

Wanasema panya huuma na kupuliza.
Mama mkwe wangu, Ndekusara,
aliumwa kisigino hivyo hivyo;
alijua asubuhi, kwa damu ya kwenye shuka.
Miguu yake haisikii siku hizi. Sukari.
Daktari wa KCMC alimsomea orodha ya vya kuacha,
naye akamjibu: "Mwanangu,
niachie basi hata kumeza mate."

Ndipo Oforo alipokasirika kimyakimya,
na hiyo ndiyo hasira yake ya kweli.
Jumamosi nzima, bila redio, alitoa kila kitu nje:
magunia, vitanda, kabati, picha ya harusi.
Akatafuta matundu kwa tochi na kwa kidole.
Kumi na moja. Kila moja akalishindilia
chupa zilizopondwa, mchanga, saruji.
Dari akaipigia wavu. Mahindi tukayatia kwenye pipa.
Na mtego wa mbao, dagaa mmoja wa kuchoma, kila usiku:
sita, wanne, wawili, mmoja.
Halafu hakuna.

Usiku ule nyumba ilikuwa ngeni.
Kumbe saa yetu ya ukutani ina mlio.
"Umesikia?" akauliza Oforo.
"Nini?"
"Hakuna kitu."
Tukacheka gizani kama wachumba.

Wiki moja. Na sukari inapungua.

Kopo lina mfuniko wa kuzungusha.
Panya gani huyu anafungua, anakula, anafunga?
Nikakesha, kandambili mkononi.
Saa tisa: ukuta unapapaswa,
nyayo zinaburutwa, zinapumzika, zinaburutwa.
Taa ya jirani ilimwangukia shavuni.
Ndekusara, kanga kifuani, kidole mdomoni,
macho ameyafumba
kama mtu anayeitwa jina lake la utotoni kutoka mbali.

Nilirudi kitandani kinyumenyume.

Asubuhi Oforo alilitikisa kopo,
akachuchumaa kukagua saruji yake, tundu kwa tundu.
"Wamerudi?"
Mama mkwe alikuwa anapepeta mchele.
Ungo ulisimama.
"Amebaki mmoja," nikasema. "Mzee.
Huyo niachie mimi."
Ungo ukaanza tena.

Kopo nimelificha kwenye sanduku la nyuzi.
Usiku naacha kijiko kimoja juu ya kisahani,
kimoja tu, siku nyingine nusu,
na ninajua ninachofanya,
na sijui ninachofanya.
Asubuhi kisahani nakikuta kimeoshwa.