Maneno ya Mlangoni, Mtakatifu Fibi

Shika kitabu hiki. Ukurasa wa kumi na saba haumo,
ulichanika mwaka ule paa lilipovuja.
Tukifika hapo mtazame Mzee Obadia, safu ya pili,
koti la kijivu: midomo yake inaujua.

Mimi ni Dorka Nyangweso. Kila Jumapili husimama hapa,
kati ya ndoo ya miavuli na sanduku la mabati mapya.
Jina lako usiniambie bado.
Utaulizwa mbele ya watu, wakati wa matangazo:
wageni wetu wasimame.
Ukitaka, simama.
Ukitaka, inama ufunge kamba ya kiatu
hata kama haijafunguka, hadi makofi yaishe.
Nimewaona wengi. Hakuna aliyekemewa.

Tutasimama, tutaketi, tutapiga magoti,
tena tutasimama. Usijaribu kutuwahi.
Hata waliobatizwa kwenye lile beseni la jiwe
husikiliza mabenchi kwanza.
Benchi la mbele likilia, ni kusimama.
Goti likilia, ni kupiga magoti,
na la Mama Penina hulia kuliko yote Mbotela nzima.

Vazi la kasisi leo ni la kijani.
Litabaki kijani hadi mvua za vuli;
usidhani hana jingine.

Atahubiri dakika ishirini, asema yeye.
Garimoshi la mizigo likipita nyuma ya ukuta
ataliacha neno hewani,
na sisi tutaungoja mkia wa garimoshi pamoja naye.
Pengine hiyo ndiyo sala yetu ya kweli:
watu mia mbili, kimya,
wakihesabu mabehewa.

Kisha tutapeana amani. Hapa ndipo wageni hushtuka.
Mikono itakujia kutoka kila upande:
wa makanika, wenye weusi usiotoka kuchani,
wa binti wa kwaya, baridi kama bilauri,
na wa wawili wale, pale dirishani,
waliogombania bomba la maji hadi jana usiku.
Leo huenda wakashikana.
Kuna wiki hupita kila mmoja akitazama ukuta wake.
Hatukuahidi zaidi ya hayo.

Mfuko wa sadaka ni wa kitambaa, hauoni ndani yake.
Kama huna, tia ngumi, toa kiganja, upitishe.

Mezani, mkate ni mwembamba kama kibandiko cha barua.
Kikombe ni kimoja, hupanguswa
kwa kitambaa cheupe baada ya kila mdomo.
Hujabatizwa? Njoo vilevile.
Kunja mikono kifuani kama mtu anayesikia baridi
(Julai hii hutakuwa unaigiza)
naye atakuwekea mkono kichwani.
Uzito wake, nakuambia, ni wa nusu mkate.

Mimi sikuingia humu kwa imani. Nilikwepa manyunyu.
Nilikuwa nimetoka mochari
na kitambulisho cha mume wangu kwenye bahasha.
Nikaketi pale, nyuma ya nguzo,
mahali huioni meza, waona mshumaa nusu.
Miezi kumi na mmoja sikufungua kinywa.
Wengine waliyasema maneno, mimi katikati yao,
Jumapili hii yaleyale, ijayo yaleyale,
hadi asubuhi moja nikajisikia
nimeyasema kabla ya kasisi.
Hakuna aliyegeuka kunitazama.
Hilo ndilo ninalolipenda kwetu,
na huenda ndilo kosa letu.

Chai iko kwenye hema, ya maziwa, ina moshi kidogo.
Mandazi ni ya wenye mbio.
Mama Penina atakuuliza unakaa ploti gani
na kodi ni ngapi. Mjibu utakavyo.

Haya, kengele hiyo. Lete mwavuli,
nitautia ndooni na mingine.
Yote ni myeusi, huchanganyikana.
Ukiondoka na usio wako, usihangaike:
mwenyewe atakuwa ameshika wako,
na Jumapili mtatafutana.