Dakika Kumi na Moja

Mkebe ulifika umefungwa kwa uzi wa katani,
kutu pembeni, na harufu ya siki
kama achari iliyosahauliwa kabatini.
Juu yake, kwa penseli: MAMBA. 1936. DAKIKA 11.
Nilivaa glavu. Nikaupitisha ukanda kwenye taa
taratibu, kama ninayemvusha kipofu barabara.

Inaanza kwa tarumbeta.
Kisha sauti ya bwana mmoja, nzito, ya mtu aliyeshiba,
mtu ambaye, naapa, hakulowa hata soksi:
"Karibuni katika vinamasi vya Louisiana,
mahali ambapo binadamu haishi."

Na papo hapo, chini kushoto,
mtumbwi unapita.
Mwanamke kasimama, kofia ya ukindu, upondo mkononi.
Haitazami kamera. Ana shughuli zake.

Nilirudisha ukanda mara sita.
Bega lile la kulia, lililoshuka kidogo,
nimelilalia usiku mwingi wa homa.
Zeolide Naquin. Bibi yangu.
Binadamu haishi, bwana?
Basi nguo zangu alizianika nani?

Wenyewe wanakuja baadaye.
Gogo linafumbua jicho.
Dume anavimba, ananguruma,
na maji ya mgongoni yanarukaruka
kama mafuta kwenye kikaango.
"Ngurumo ya shetani," inasema sauti.
Jamani, anatafuta mchumba tu.

Dakika ya saba: kichuguu cha matete yaliyooza,
kinafuka mvuke asubuhi.
Jike anakifukua kwa mikono yake mifupi.
Mayai yanalia. Ndiyo, yanalia,
ingawa filamu imeweka fidla juu ya kilio.
Anafungua kinywa.
Anachukua mmoja. Anachukua wa pili.
Anafunga.
Sauti inashuka, inahuzunika:
"Tazameni mama katili, anawala wanawe."
Kama kuna machozi ya mamba duniani,
ni yale.
Kata. Kiwanda. Mikoba. Viatu vya mabibi.

Bibi alinisimulia haya akimenya kamba,
vidole havikusimama:
"Walinilipa nusu dola niwaonyeshe kiota.
Nikamwambia mwenye kamera, ngoja, usizime,
anakwenda majini, utaona atakavyowatema
mmoja mmoja, kama mtu anayetema mbegu za tikiti.
Akatazama saa. Mbu walikuwa wengi.
Akafunika jicho la mashine yake.

"Filamu ilipokuja mjini tukakalishwa roshani,
sisi na weusi, juu kabisa, kwenye joto.
Ilipofika pale, ukumbi mzima uliguna.
Mimi nikacheka. Nilicheka peke yangu
mpaka kijana wa tochi akapanda kuniuliza kama naumwa."

Nilikuwa na miaka tisa. Sikumwamini.
Nilidhani wazee hujitia kwenye kila hadithi,
maana msafara wa mamba haukosi kenge.

Baada ya neno MWISHO nilitafuta.
Labda kipande kilichosalia, labda mita mbili.
Mikwaruzo tu. Unywele mmoja ulionaswa mwaka ule,
ukitetemeka kwenye mwanga.

Jumapili nilikwenda na mashua ya binamu yangu Ozeme
kutafuta mahali penyewe.
Alizima injini katikati ya maji mapana, akasema, "Hapa."
Hakuna matete. Hakuna kichuguu.
Nilichovya kidole nikaonja: chumvi.
Ghuba imekuja ikakaa, haikubisha hodi.
Ozeme akawasha sigara.
Hatukuwa na la kusema, tukarudi.

Kadi ya maktaba ina mistari mitatu.
Haina nafasi ya hasira, na mwandiko wangu ni mkubwa.
Kwenye "Waonekanao" niliandika:
Zeolide Naquin, sekunde nne.
Mamba jike, jina halijulikani.
Kwenye "Muhtasari":
Mama anawabeba wanawe kuelekea majini.
Mpigapicha anaondoka mapema.