Mdomo wa Mahakama

Kazi yangu ni kusema "mimi" kwa niaba ya watu.
Shahidi akisema kwa Kigiriama kwamba alimwona mtu,
mimi nasema, "Nilimwona."
Sisemi, "Anadai alimwona."
Ndivyo tulivyoapishwa.
Miaka kumi na tisa katika mahakama ya Malindi
nimeiba mbuzi, nimerithi minazi isiyo yangu,
nimepigwa na waume watatu,
na jioni nimerudi Muyeye nikala wali wangu.

Kisha ikaja kesi ya Ngumbao.

Siku ya kwanza watu walifika jua halijatoka,
fulana zao zimechapwa sura ya mtoto:
miaka sita, pengo mbele, kola ya shule imekunjika.
Getini mama mmoja alikaanga viazi karai,
kufika saa nne hana hata kimoja.
Mji ulikuwa umekwisha kuhukumu.
Tulichongoja ni muhuri.

Kielelezo cha kwanza: kandambili moja, ya kushoto,
ya buluu,
gidamu yake imeungwa kwa waya wa spoku.

Akasimama Mbeyu, binti Tsofa.
Nikasema: Mimi ni mama yake.
Nikasema: Nilimtuma chumvi.
Nikasema: Chumvi ya shilingi tano,
na sauti yangu hii, nzito, ya mzee wa tumbaku,
ikakwama palepale kwenye chumvi.
Hakimu akaniinulia macho. "Endelea, mkalimani."
Nikaendelea: Tangu siku hiyo chakula changu
nakipika chapwa.

Mshtakiwa, Chengo Mwaringa, fundi baiskeli wa Maweni.
Miezi minane ya rumande
haikuweza kuitoa grisi kwenye kucha zake.
Watoto walikuwa wakimzungukia kibandani
wamzungushie pedeli, awape gololi za beringi.
Hilo nalo lilisemwa mahakamani,
na siku ile hata gololi zilinuka.

Alinyamaza siku nne.
Ya tano alitamka sentensi moja, fupi,
na ndani yake neno *kutsukula*.

Kwetu kutsukula ni kutwaa.
Kutsukula pia ni kubeba: kuni, maji, mgonjwa,
mtoto aliyechoka, ukampandisha keria ya baiskeli
mpaka njia panda ya Ganda, ukamshusha,
ukamwambia haya, kimbia nyumbani.
Chengo hakusema keria. Hakusema njia panda.
Hayo nayasema mimi, usiku, peke yangu.
Alisema neno akaliacha pale,
na wakili wake, kijana aliyepewa na serikali,
alikuwa ameinama anatafuta kalamu.

Nilikuwa na nafasi ya pumzi moja.

"Mimi nilimchukua."

Ukumbi ukapasuka. Mtu akatupa kiatu.
Askari wakamfunika Chengo kwa migongo yao,
naye akanitazama mimi, si wao,
kama mteja aliyerudishiwa baiskeli
ambayo si yake.

Sikusema uongo. Niapisheni tena, nitaapa.
Kiswahili nacho kina tumbo:
anayechukua mzigo, ameubeba au ameuiba?
Lakini hakimu alikuwa akiandika Kizungu,
na kalamu yake ikachagua moja.
Ningeweza kuinua mkono.
Nimewahi kuinua mkono kwa sababu ya mpaka wa shamba,
kwa hatua mbili za mihogo.

Alipoulizwa kama ana la kuongeza
aliangalia kucha zake.

Miaka kumi na minne.
Nje walipiga vigelegele, kisha vikafifia ghafla,
kama mtu aliyekumbuka katikati ya harusi
kwamba bibi harusi hayupo.
Maana Ngumbao hakupatikana.
Hukumu ilikuwa na kurasa arobaini na moja,
na hakuna hata mmoja uliosema yuko wapi.

Koridoni Mbeyu alinishika mkono wa shati.
Hakulia. Alinong'ona kwa Kigiriama,
taratibu, kama anayezungumza na mtu mgumu wa kusikia:
"Ulimpeleka wapi?"

Mama, si mimi.
Mimi ni mdomo tu.

"Basi huo mdomo," akasema,
na hakuniachia shati,
"uulize."