Herufi za Risasi

Nilirudi Dar na sanduku la bati, koti la manyoya
ambalo hadi leo linalisha nondo,
na shahada ya ukutubi kutoka Leningrad.
Shangazi Siwatu alinipokea uani kwake, Gerezani,
akakalia kinu kilicholazwa, akauliza:
"Huko umesoma nini ambacho hapa hakipo?"

Nikamweleza juu ya jarida.
Jina silitaji, ulimi wangu huliharibu.
Lilikuwa chini kabisa, ghalani mwa maktaba,
umri wake unapita miaka mia mbili, jalada limeliwa kona:
jarida la mabibi wa Kirusi, la mwanzomwanzo,
enzi ambazo mabibi wenyewe waliandikiana Kifaransa,
Kirusi wakawaachia watumishi na mbwa.
Ndani mna mashairi, visa vya mapenzi, mafumbo,
picha za kofia zilizotiwa rangi kwa mkono,
kofia pana kama ungo, juu yake meli nzima.
Na barua. Bibi fulani anashukuru,
bibi fulani analalamika,
bibi fulani anaomba ushauri kuhusu mume.
Mkutubi mkuu, mama mwenye sauti ya kukwaruza,
aliweka kidole juu ya sahihi, akaguna:
"Huyu mwanamume. Huyu naye.
Na huyu, nadhani, mhariri."

Nilitazamia shangazi ashangae.
Aliokota ufagio tu, akauegemeza ukutani.
"Hayo ndiyo uliyoyafuata kwenye theluji?"

Sikujua. Nilikuwa mtoto alipokuwa akipanga herufi
kwenye matbaa ya Bwana Mkwizu, nyuma ya soko la Kariakoo,
mwanamke peke yake kati ya mashine nne,
vidole vimesawijika kwa risasi,
akisoma kila neno kinyumenyume.
Walichapa kadi za harusi, stakabadhi,
na kila mwezi Ukindu, jarida la akina mama:
shilingi moja, kurasa kumi na sita,
mishono, visheti, namna ya kutoa doa la embe,
na ukurasa wa Barua za Bi Nargisi,
ambaye alikuwa Bwana Mkwizu mwenyewe,
baba wa watoto saba, kipara, nia njema.
Hiyo nia shangazi hakumnyima.
Alilipa kwa wakati. Aliwapenda wanawake
kama mtu apendavyo mji
ambao hajawahi kulala njaa ndani yake.

Mwezi mmoja tangazo la sabuni likafutwa usiku,
ukabaki uwazi wa vidole vitatu.
Mhariri keshakwenda nyumbani. Mashine inangoja.
Shangazi hakuanza na karatasi;
alitunga moja kwa moja ndani ya chuma:

    Wewe unayejiita, bibi, huku ndevu ziko,
    jikoni hujapapita, moshi si wa macho yako,
    kalamu umeikita, penye donda liso lako,
    nipishe, nami taleta, yangu mimi, si ya kwako.

Chini yake S, basi.
"Herufi hiyo ukiipindua kichwa chini," akaniambia,
"inabaki ileile."

Nakala mia tatu.
Bwana Mkwizu aliisoma Jumatatu,
akavua miwani, akaivaa tena.
Hakumfukuza. Mwezi uliofuata Bi Nargisi alinyamaza,
wa tatu karatasi ikapanda bei, Ukindu ikafa,
na hakuna aliyeiandikia hata tanzia.

Usiku ule sikulala. Nililirudia lile jarida la ghalani
ukurasa kwa ukurasa, kwa kumbukumbu,
nikitafuta pengo dogo, tangazo lililofutwa,
kidole kimoja cha kike kwenye wino ule.
Sikukiona. Labda sikujua kusoma kinyumenyume.

Asubuhi shangazi alinipa nakala yake,
ilikuwa imefungia binzari.
Nikaipeleka kazini, nikatia kadi kwenye taipureta:

    Ukindu. Dar es Salaam. Ukurasa wa saba.
    Mwandishi: S.
    Tazama pia: Siwatu binti Mbaruku, Gerezani.
    Yu hai. Anadai alipwe.