Sekunde ya Ngapi

Panya namba kumi na saba hanyanyui mguu.
Bati lina moto wa kipimo,
saa inahesabu: tisa, kumi, kumi na moja.
Wenzake wanaoshindia pumba
waliruka kwenye nne, wakalamba nyayo.
Huyu tuliyemnenepesha kwa mafuta na sukari
ametulia, ananitazama
kama mgeni aliyekaribishwa mkekani.

Namtoa.
Naandika: kumi na mbili. Mishipa ya fahamu, alama ya kuuliza.

Jumamosi napanda Newala.
Mama yuko uani, anakaanga korosho kwenye debe lililotobolewa,
moshi wa maganda unamwasha kila mtu macho.
Nasikia harufu ya nyama.
Nadhani ni kwa kina Nambole, wana ngoma ya unyago.

Kumbe ni kisigino chake.
Kaa limenasa kwenye ufa wa unyayo, linafuka taratibu,
naye anasimulia bei ya mnada,
anakoroga chai, kijiko cha nne cha sukari.

“Mama, mguu!”
Anautazama kama mguu wa jirani.
“Una ganzi tangu masika. Uzee huo, mwanangu.”

Usiku nafungua daftari la panya,
natafuta mstari mtupu.
Kalamu ninayo.
Sikuhesabu.