Ngoma ya Mlangoni

Dada yangu Kahambu ameolewa na baridi.
Mama ndiye asemaye hivyo, si mimi.
Alipata kazi ya uuguzi kule Mtakatifu Petro,
chembe mbili tatu za Ufaransa
zilizoanguka mezani, upande wa Kanada,
na hakuna aliyezipangusa.

Nikaenda kumtazama. Ndege nne,
ya mwisho ndogo, upepo ukiipiga makofi
hadi jirani yangu akacheka kwa woga, nami nikamfuata.

Jicho la fundi linaona kwanza lilichozoea:
nyumba za mbao.
Mbao, jamani! Nimevuka bahari nzima
nikakuta Majengo.
Ila zetu tunaziachia jua na vumbi la Nyiragongo
hadi zifanane na mawe zinayoyakalia;
zao zimevalishwa kama watoto wa sikukuu,
manjano ya yai, buluu ya sare ya shule,
nyekundu, na moja, sikudanganyi, ya zambarau.
Nikauliza kwa nini.
Kahambu akasema, "Ngoja ukungu."

Ukungu ulikuja saa nane mchana.
Ulikula bandari, ukala kanisa,
ukala mkono wangu niliounyosha.
Ile ya manjano tu ndiyo ilibaki kidogo,
kama jambo unalolikumbuka ukiwa na homa.

Bibi Maite wa jirani alitupa mkate na siagi ya chumvi.
Kifaransa chake kimepulizwa pembeni na upepo,
changu kina changarawe;
tuliulizana kila kitu mara mbili,
mara ya pili tukicheka.
Mumewe alivua chewa mpaka chewa wakaisha.
"Na sasa anavua nini?"
"Anapaka rangi. Upepo unailamba, anairudisha.
Unailamba, anairudisha."

Mbele ya mlango wao kuna kijumba cha mbao,
upana wa watu wawili na makoti yao.
Unaingia, unafunga nyuma yako,
ndipo unafungua mlango wenyewe.
Upepo unabaki katikati, haujui pa kwenda.
Wanakiita *tambour*.
"Ngoma," nilijisemea.
Na mimi natoka Goma.
Nikagonga ubao kwa kifundo cha kidole. Ulilia vizuri.

Sasa nimerudi. Nimejenga ngoma yangu Majengo,
juu ya jiwe jeusi la mwaka ule moto ulipoukata mji,
nikaipaka buluu ya sare ya shule.
Mwenye chukudu anashusha mguu:
"Fundi, hii njo nini? Choo?"
"Hapana."
"Ya kuuzisha yunite?"
"Ya upepo."
"Upepo gani, na hapa?"

Sikumjibu.
Upepo wetu haupigi kelele.
Mazuku inalala mashimoni, haina harufu,
ukibahatika inachukua mbuzi kabla ya mtoto.
Na kuna ule wa usiku, wenye buti,
usiopiga hodi.
Najua. Mbao kumi na bawaba nne
hazizuii kitu.

Lakini jana mama alikuja, akafunga mlango wa kwanza,
akasimama mle gizani bila kufungua wa pili.
Mimi huku, kitasa mkononi,
nikisikia anavyopumua.
Muda mrefu.
Halafu akagonga ubao, tu, tu.
"Kahambu anasimama hivi kila siku?"
"Kila siku, mama."
"Na joto linabaki ndani?"
"Linabaki."
Akagonga tena.

Rangi imesalia nusu ndoo.
Mama Kasoki ameshaiomba,
ya dirisha tu, anasema,
lile linaloonekana kutoka barabarani.